Kapteni wa Tuvumiliane

Mbalizi,
11 Januari 2025

Shangazi yangu mpendwa Severina,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa ajili ya Krismasi ambayo sikuja. Huku sisi wazima. Mvua ni nyingi, mahindi yamefika magotini na matope nayo yamefika magotini. Mama anakusalimu sana. Je, huko Tosamaganga? Yule ng'ombe wako Sifa bado anapiga teke? Na jirani Faustina ameshang'oa lile jino au bado analilea?

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa kumi na moja ulilalamika kwamba redio yako haina kitu ila mpira na matangazo ya mbolea. Nakutumia memori kadi. Ichomeke kwenye tundu dogo lililo nyuma ya redio, maandishi yatazame juu. Ndani kuna vipindi vitano vya podikasti yetu. Podikasti ni kipindi cha redio kisicho na kituo cha redio. Watu wanakisikiliza kwenye simu zao, na shangazi mmoja tu Tanzania nzima anakipata kwa fuso la viazi.

Jina lake ni "Tuvumiliane Angani". Tuvumiliane ni chombo kinachosafiri kati ya nyota, kama vile vya kwenye tamthilia za Wazungu, ila chetu kimeungwa gereji ya hapa Mbalizi na kina honi ya basi. Tuko watatu. Eveline wa duka la dawa ni kompyuta ya chombo, mimi ni injinia, na Kapteni ni mzee mmoja wa hapa hapa. Tunarekodi stoo katikati ya magunia ya mahindi ili sauti isirudi ukutani. Anayetoka nje ya chombo anavaa ndoo kichwani, asikike kama mtu wa anga. Kapteni yeye ndoo yake haivui kabisa.

Jibu mpe Jailos, dereva wa fuso. Anapita Ipogolo, hapo jirani na kwenu, kila wiki.

Wako mtiifu, hasa nikiwa mbali,
Ombeni


Tosamaganga,
2 Februari 2025

Mwanangu Ombeni,

Marahaba, zote mbili. Barua yako imefika baada ya wiki mbili na nusu kwa sababu Jailos wako alipata msiba Makambako, na nadhani msiba wenyewe ulikuwa na pombe ya ulanzi. Mimi mzima, magoti yanalia tu kwa baridi. Sifa bado anapiga teke. Faustina jino limetoka, sasa maneno yanapita kwa urahisi zaidi.

Nimesikiliza. Kwa kuwa nimefundisha miaka thelathini na minne na siwezi kuona kosa nikalipita, nimeyaandika kwa kalamu nyekundu, karatasi yake nimeiambatisha. Hapa nataja machache. Kipindi cha kwanza chombo kina injini sita, cha tatu zipo nne, mbili mmeziuza? Sayari ya Vumbi ni mwendo wa miaka mia tatu, lakini Kapteni anakwenda asubuhi na mchana amesharudi kula ugali. Wale viumbe wa vichwa vitatu mbona wanaongea Kiswahili kizuri kuliko wewe? Na kila chombo kikitikisika nasikia mnajirusha chini, puu! Ni redio, Ombeni. Nani anawaona?

Ninachotaka kujua ni nani aliyeandika haya. Inasikika kama hakuna aliyejiandaa.

Nimevisikiliza vyote mara tatu, kwa ajili ya kusahihisha. Faustina alicheka mpaka akamwaga uji, lakini Faustina hucheka hata kwenye matangazo ya vifo. Huyo binti Eveline anajua kazi. Kompyuta inayosusa kwa sababu haikusalimiwa asubuhi, hiyo nimeielewa.

Umenipa salamu za mama yako. Za mwingine wa nyumba hiyo hukuleta, nami sijauliza.

Shangazi yako,
Severina Kalinga


Mbalizi,
23 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Masahihisho nimeyapokea na nimeyabandika stoo. Nimepata alama thelathini na moja kwa mia. Eveline amepata sabini, na tangu siku hiyo anataka tumwite mwalimu. Mama yuko Tukuyu kwa bibi mzaa mama, amekwenda kuvuna maharage.

Umeuliza nani aliandika. Hakuna, Shangazi, na ndiyo raha yenyewe. Hatujui kitakachotokea mpaka kitokee. Sheria ni moja: mwenzako akisema kitu, kimeshakuwa kweli. Hukikatai. Unakipokea, halafu unaongeza chako. Eveline akisema kuna mbuzi ndani ya injini, basi yumo, na kazi yangu ni kumtafutia majani.

Unajua tulikoyatoa haya? Samahani, nitamtaja mtu ambaye hatajwi kwenye barua zako. Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa akitafsiri filamu kwenye banda la video la hapa Mbalizi, yeye na kipaza sauti chake. Kulikuwa na tamthilia moja ya vyombo vya anga, kaseti baada ya kaseti. Kiingereza cha baba kilikuwa cha kuombea maji tu. Wale wakuu wa nyota wakikaa mezani wamenuna, baba anatuambia wanagombania mahari: upande wa mume umeleta mbuzi mmoja ana kilema. Banda zima tulikuwa tunashangilia. Nilipofika kidato cha pili nikaiona tamthilia ile ile kwa televisheni, na maandishi chini. Hapakuwa na mahari. Hapakuwa na mbuzi. Watu walikuwa wanabonyeza vitufe kwa nyuso za msiba, wanaongea habari za mawimbi. Nilihuzunika wiki nzima.

Basi sisi tunachukua nyuso zile zile za msiba, tunaziweka kwenye shida tunazozijua. Umeme wa luku umeisha katikati ya vita. Mgeni wa sayari ya nane amekuja na hataki kuaga. Watu wanaosikiliza wanasema chombo hicho ni basi wanalolijua, na abiria wake pia.

Nakutumia vingine vinne. Wewe unacheka lakini? Jibu bila kalamu nyekundu.

Ombeni


Tosamaganga,
16 Machi 2025

Mwanangu Ombeni,

Salamu nyingi. Ni Kwaresima, kwa hiyo nimejinyima sukari, lakini redio Padri hakuitaja. Sasa hivi Jumapili mchana wanakuja hapa watu sita kusikiliza, na Faustina anapanga viti kama yeye ndiye mwenye nyumba.

Swali lako la kucheka nalijibu hivi: nimewaandikieni kipindi. Kiko kwenye bahasha, kurasa kumi na nne, kina mwanzo, kati na mwisho, na injini ni sita toka mwanzo hadi mwisho. Msibadilishe neno.

Sasa nikuambie jambo. Usidhani umenificha. Ndoo haifichi mtu uliyekulia naye chumba kimoja. Kapteni alipofungua mdomo kipindi cha kwanza akasema "jamani, tusiharakishe kufa, hatujala", nilimjua mdogo wangu Liberatus. Nilizima redio. Baadaye nikaiwasha, nikakwambia ni kwa ajili ya kusahihisha.

Ulikuwepo kwenye mazishi ya bibi yako, miaka kumi na moja iliyopita. Wasifu wa marehemu niliuandika mimi, kurasa nne, zenye tarehe. Mwaka aliobatizwa. Miaka ishirini na mbili aliyofua mashuka ya misheni kwa mikono ili sisi wawili tusome. Nikampa baba yako ausome kwa sababu ni mwanamume na ana sauti. Akasimama mbele ya jeneza, akasema karatasi imebaki nyumbani, akaanza kutunga. Kwamba mama alimfukuza chui bandani kwa mwiko. Kwamba alialikwa Roma akakataa kwa kuwa maharage yalikuwa hayajapaliliwa. Watu wakacheka, Ombeni, kwenye kaburi la mama yangu. Mpaka leo watoto wa hapa wananiuliza habari za chui. Hakuna hata mmoja anayeniuliza habari za mashuka.

Iliniuma na bado inaniuma. Sheria yenu ya kupokea kila uongo mimi siiwezi. Usinitumie tena kipindi chenye yeye.

Na hicho kikohozi chake katika kipindi cha nane, ni cha kuigiza?

Shangazi yako


Mbalizi,
6 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wa huku wanaendelea. Mvua inapiga bati, inatuharibia kurekodi.

Nimetii. Kwenye kadi hii kuna kipindi kimoja, ulichokiandika wewe, bila Kapteni. Hatukubadilisha neno. Hata pale ulipoandika "hapa injinia ashangae kidogo", Eveline amelisoma hilo nalo, kwa kuwa ulisema neno lisibadilishwe. Msikilizaji mmoja wa Mbeya mjini ametuuliza kama tumeanza kuandaa watoto kwa mtihani wa darasa la saba.

Nakutakia Pasaka njema.

Ombeni


Tosamaganga,
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Kristo amefufuka. Kipindi changu kimekufa. Nilikiweka Jumapili, wale watu sita wakakaa kimya na adabu zao, kisha mmoja baada ya mwingine akakumbuka ana mboga jikoni. Faustina alibaki, kwa huruma. Akaniambia, "Dada, umeandika vizuri sana, ila hicho chombo hakina mtu ndani." Nilitaka kumfukuza, lakini kiti alichokalia kilikuwa chake.

Nimerudia vile vya zamani. Ndiyo, nacheka. Nilicheka pale Kapteni alipowaomba radhi wavamizi kwa kuwa chai ilikuwa haijachemka. Nilicheka peke yangu jikoni hadi Sifa akageuka kunitazama. Umefurahi sasa?

Lakini swali langu la kikohozi umeliruka. Mwanafunzi akiruka swali, ama halijui ama analijua sana. Baba yako ana nini? Safari hii nimeuliza mimi, kwa jina lake. Liberatus ana nini?

Severina


Mbalizi,
10 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo sina utani mwingi.

Ni uvimbe kwenye koo, tangu mwaka jana. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Shangazi yako akija, aje kwa sababu anataka, asije kwa sababu naumwa." Ndiyo maana nilikutumia zile kadi. Nilitaka umsikie akiwa bado anasikika. Upasuaji ni Jumatatu tarehe 26. Madaktari wana matumaini ya kuuokoa mwili, lakini sauti, wamesema wazi, itaondoka yote. Hataongea tena.

Na nitavunja kiapo kingine kwa siku hii moja. Ile karatasi haikubaki nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesimama nyuma yake kaburini. Aliitoa mfukoni. Akaona mwandiko wako na jina la bibi pale juu, macho yakajaa, akawa haoni mstari hata mmoja. Akaikunja, akairudisha, akasema uongo wa kwanza uliomjia ili asiangue kilio mbele ya watu. Watu walipocheka, akapata pumzi, akaongeza wa pili. Aliona aibu kukuambia kwamba alilia. Aliona nafuu ukimwita mzembe.

Karatasi anayo, kwenye Biblia. Zile tarehe zote anazijua kwa moyo.

Jumamosi tarehe 24 tunarekodi mara ya mwisho naye. Njoo, Shangazi. Sijui nikuombe vipi zaidi ya hapo.

Ombeni


Tosamaganga,
17 Mei 2025

Ombeni,

Jailos nimemsimamisha mimi mwenyewe Ipogolo na atakupa hii kesho bila kupitia Makambako kwa mtu yeyote.

Nakuja. Ng'ombe hawezi kukaa bila mtu na Faustina anamwogopa, kwa hiyo panda basi Alhamisi uje ukae hapa wewe. Ijumaa asubuhi tutapishana mlangoni. Sifa anakamuliwa kutoka upande wa kulia tu. Msalimie kwanza. Usivae shati jeupe. Usimpigie honi ya chombo.

Usiniambie kwamba utakosa kurekodi. Najua. Uliniambia sheria yenu ni kupokea, basi nipokeeni.

Shangazi


Tosamaganga,
27 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Simu imesema upasuaji umekwisha na baba amefungua macho. Mengine mama hakuweza kuyasema kwa simu, alikuwa analia, nami nikalia, mkungu wa ndizi wa Faustina ukawa shahidi.

Sifa amenipiga teke mara nne. Nilimsalimia kwa Kihehe, nikamwambia "kamwene", akanipiga la tano. Maziwa yanatosha chai moja. Watoto wa hapa wamenijia wananiuliza kama ni kweli mimi ndiye injinia. Mmoja ana miaka saba, ameniuliza injini ni ngapi. Nimemwambia akuulize wewe.

Niandikie. Eveline hataki kunisimulia Jumamosi ilikuwaje. Anasema hiyo ni ya kwako kusimulia.

Ombeni


Mbalizi,
1 Juni 2025

Mwanangu Ombeni,

Marahaba, baba. Mama yako mzima, amenenepa, usimwambie. Huku baridi imeanza. Liberatus jana ameketi kitandani akanywa uji kwa mrija. Sauti imekwenda, kama walivyosema. Akikasirika anagonga kitanda kwa kijiko, na amekasirika mara nyingi, jambo ambalo daktari anasema ni dalili nzuri.

Sasa Jumamosi. Nilifika Ijumaa jioni. Alikuwa amekaa mlangoni, kofia imemwingia mpaka masikioni kwa kukonda. Akasema, "Dada, karibu." Nikasema, "Starehe." Tukala. Nilimwambia ugali umeiva vizuri. Akasema ni wa mama Ombeni. Hayo ndiyo tuliyoongea baada ya miaka kumi na moja, na tukaenda kulala.

Asubuhi tukaingia stoo. Nilikuwa nimejiandaa, unanijua. Nilikuwa na kurasa tatu. Nilikuwa Mkaguzi wa Elimu kutoka Duniani, nimekuja kukagua chombo, na ukurasa wa pili wote ulikuwa maneno ya kumwomba msamaha, kwa mpangilio mzuri. Eveline akanipa ndoo. Nikamwambia sihitaji. Akaniambia, kwa sauti ile ile ya kompyuta, kwamba mkaguzi anatoka nje ya chombo na nje hakuna hewa. Nikaivaa. Ombeni, ndani ya ndoo ni giza tupu. Kurasa zangu tatu nilizishika mkononi nisione hata herufi.

Nikamsikia anasema, "Mkaguzi, karibu Tuvumiliane. Umekuja kukagua nini?"

Nikasema kilichokuwepo moyoni, "Nimekuja kukagua kama unakula."

Akasema, "Tunakula, Mkaguzi. Ila chumvi ya angani haikolei."

Nikamuuliza kama kuna mwingine kutoka Duniani amewahi kupita huko. Sikujua ninauliza nini mpaka nilipokwisha kuuliza. Akakohoa, akapumzika. Akasema, "Alipita mama mmoja. Alitufulia mashuka ya chombo kizima kwa mikono, miaka ishirini na mbili. Hakuna aliyemshukuru. Alipoondoka, chui wa angani akaingia bandani, naye akarudi kutoka mbali kote huko akamfukuza kwa mwiko."

Alisema mashuka, Ombeni. Aliyataja kwanza.

Nami, kwa kuwa sheria yenu ni hiyo, nikasema, "Najua, Kapteni. Mimi ndiye niliyemshikia taa."

Basi akaanza kucheka, kicheko chake cha utotoni kile cha kuvuta pumzi, na mimi nikacheka, na tukaendelea hivyo dakika arobaini. Tulimpa mama safari ya Roma. Tukampa na Papa wa kumsaidia kupalilia maharage. Mwishoni sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, nikalazimika kusogeza ndoo yangu mpaka zikagongana. Akaniambia kitu ambacho si cha podikasti na hata wewe sitakuandikia.

Nikalia. Nilidhani humo ndani hakuna anayeniona, na kweli hakuna aliyeniona, ila Eveline anasema ndoo inakuza sauti na imesikika yote, mpaka kamasi. Ameniuliza kama aikate sehemu hiyo kabla ya kuirusha. Nimemwambia aiache.

Shangazi yako,
Severina